Inashikaje?

Kwenu mafundi mnaobaki na spana zangu.

Lile neno lililoko ukutani, juu ya benchi la vyombo, nililiandika mimi kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo la mtu aliyekuwa anapaka geti. Herufi zimelala upande mmoja kama gari lililovunjika springi, kwa sababu niliishia darasa la nne na huko hawakutufundisha kuandika ukutani tukiwa tumesimama juu ya pipa. Wateja wakiliona wanacheka. Wengine wanadhani ndiyo jina la gereji. Nyie mmeniuliza miaka yote lina maana gani, nami nikawa nawajibu, "Fanya kazi, utajua." Sasa nimestaafu na hamjajua, na kosa si lenu. Sikuwaambia.

Leo nawaambia. Mjukuu wangu Upendo, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu hapo gereji, atawasomea. Nimemkataza kunisahihisha. Mtu akiandika kwa mkono wake aachiwe makosa yake.

Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya mkono mdogo, wala si kwa akili. Nilikuwa nauza uji na viazi vitamu hapa Misigiri njia panda, pembeni ya gereji ya Mzee Msengi. Gereji yenyewe ilikuwa nguzo nne, bati sita, na shimo la kuingilia chini ya gari lililojengewa kwa mawe. Siku moja lori la alizeti lilikuwa limesimama hapo, nati imedondoka nyuma ya stata, na mafundi watatu wamejaribu kuingiza mkono wameshindwa. Mikono yao ilikuwa kama majembe. Mzee Msengi akanigeukia.

"Mama uji, hebu njoo na mkono wako."

Nikaupaka mafuta mpaka kwenye kiwiko, nikauingiza nikiwa nimefumba macho, maana huko ndani macho hayasaidii.

"Nati ninayo," nikasema. "Ila kuna kitu kingine humu kinanikata kidole."

"Hakuna cha kukata huko," fundi mmoja akasema.

"Basi kidole kinajikata chenyewe."

Wenzake wakacheka. Mzee Msengi hakucheka. Akaleta tochi na kipande cha kioo, akachungulia muda mrefu. Nyumba ya klachi ilikuwa imepasuka, ufa wa kutosha kuingiza ukucha, na lori lile lilikuwa linajiandaa kushuka mlima Sekenke na mzigo wake wote. Akajifuta mikono taratibu, akaniambia, "Kesho usilete uji. Lete mkono."

Mume wangu aliniuliza mwanamke chini ya gari anatafuta nini. Nikamwambia anatafuta nati. Kanisani wakanong'ona kuhusu suruali, nikavaa kanga juu ya suruali, kanga ikashika grisi, nikaiacha nyumbani. Walipoona magari yao yanapona walinyamaza. Hayo yakaisha.

Mzee Msengi alikuwa mtu wa maneno machache, kama betri iliyochoka. Alichonifundisha hakikujaza daftari. Ukitaka kujua kama kitu kina moto, usiweke kiganja, weka mgongo wa mkono, maana ukiunguza kiganja kesho utashikia nini spana. Ukitaka kusikia injini inasema nini, chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse chuma, mpini uguse sikio. Ile bisibisi yenye mpini wa mti mnayoiona imening'inia na mnakatazwa kuigusa ni ya kwake. Ukitaka kujua nini kimeungua, nusa kabla mwenye gari hajaanza kuongea.

Na mwenye gari akianza kuongea, msikilize. Hapo ndipo mimi na mzee tulipoachana njia.

Yeye alikuwa anamkalisha mteja juu ya tairi bovu, anampa maji ya kunywa, kisha anauliza. Ilianza wapi? Ulikuwa unapanda au unashuka? Ulibeba nini? Mguu wako ulisikia nini? Aliniambia, "Mwenye gari anakuletea jina la ugonjwa. Hilo jina amepewa na jirani yake. Wewe muulize maumivu." Mimi niliona anapoteza muda. Nilikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kabla mteja hajamaliza sentensi, mimi niko chini ya gari.

Jambo lingine alilolisema mara nyingi, nami nililisikia kama mtu anavyosikia kengele ya kanisa la jirani, ni hili: "Breki ina kazi mbili. Kushika ni moja. Ya pili ni kuachia."

Mzee alipozeeka akaenda kuishi kwa mwanawe Singida mjini, gereji akaniachia mimi, na huko mjini ndiko alikofia. Nikaendelea kwa namna yangu. Sitasema nilikuwa fundi mbaya. Nilikuwa fundi mzuri, na madereva wa malori ya mbali walisimama kwangu kabla ya kushuka Sekenke hata kama hawaumwi. Lakini walikuwa wanakuja pia kusikiliza mdomo wangu. Nikimkejeli mtu, wenzake wanakunja miguu na kuagiza chai.

Na kwa kweli wenye magari walinipa vya kusemea. Kuna bwana mmoja wa mjini gari lake lilikuwa linachemsha, akalijaza rejeta kwa maji ya ziwa Singidani mwaka mzima, kisha akaniuliza kwa nini rejeta imetoboka kama chujio. Nikamwambia, "Baba, yale maji ni ya chumvi. Hapo umepika gari, bado ugali." Mwingine alikuwa na alizeti yake na mashine yake ya kukamua, mafuta ya breki yakapungua njiani, akaongeza ya alizeti. Mpira wote ndani ya masta, ile pampu ya breki, ukavimba kama andazi. Aliniambia mafuta ni mafuta. Nikamwambia basi akirudi nyumbani akaangie samaki ya breki. Yupo pia mama mmoja aliyelalamika gari linanuka na halina nguvu, nikafungua boneti nikamkuta kuku amelalia mayai sita juu ya boksi la hewa, na manyoya yameziba mdomo wote wa kuvutia hewa. Kuku alinitazama kama mimi ndiye niliyekosea nyumba.

Nilicheka nao na wao wakacheka, magari yakapona. Ndiyo maana sikuona ubaya wa mdomo wangu. Ukiwa na kisu kinachokata nyama vizuri, hufikirii kidole.

Sasa Mwalimu Daudi. Nyie mnamjua kwa lile neno mnalosema hapo gereji, "usishuke kimwalimu." Dereva akichoma breki zake mlimani mnamwambia ameshuka kimwalimu. Nimewasikia. Mimi mwenyewe nimekuwa nikisikia na kunyamaza, miaka yote hii, na ndicho kinachonifanya nishike hii kalamu.

Daudi ni mtoto wa hapa hapa. Mama yake na mimi tulichota maji kisima kimoja. Alikuwa kijana mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, mpole, na alikuwa na pikapu kuukuu aliyoipenda kama ng'ombe wa kwanza. Alhamisi moja aliniletea, akasema pedeli ya breki inakwenda chini sana. Nikainua, nikafungua magurudumu ya nyuma, nikabana breki, yaani nikasogeza zile shuu za kusugua zikaribie dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Nikakanyaga pedeli, iko juu. Nikamwambia chukua gari lako. Sikuyazungusha magurudumu kwa mkono kusikiliza kama yanakwaruza. Kulikuwa na lori linanisubiri.

Jumamosi asubuhi akarudi. Pikapu ilikuwa na magunia ya vitunguu ya kaka yake, anayapeleka Shelui, chini ya mlima. Mimi nilikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iko nje. Madereva wanne wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Mwalimu. Kuna nini tena?"

"Breki, mama. Inashika."

"Inashika?"

"Ndiyo mama. Inashika sana."

Nikajivuta nikatoka nusu, nikamtazama. Mnajua mtu anavyosikia utani unamjia mdomoni kabla hajaufikiria. Nikasema, "Sasa Mwalimu, breki isiposhika ni breki au ni pambo? Ulitaka ikuombe ruhusa kwanza?"

Benchi zima likaangua kicheko. Dereva mmoja mnene akapiga goti lake akasema, "Mwalimu anataka breki ya kumkonyeza!" Mwingine akasema, "Aipeleke darasani ikanyooshe kidole!"

Daudi naye akacheka, akitazama chini. Akasema, "Haya mama. Asante."

"Nenda salama. Ukifika mteremkoni tumia gia, mwanangu."

Hakuondoka hapo hapo. Nilimwona amesimama, mkono juu ya bodi ya gari lake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mimi na yeye ni Wanyiramba, na lau tungekuwa wawili angenieleza kwa lugha ya nyumbani nikaelewa hata kabla hajamaliza. Lakini kulikuwa na wageni, na mbele ya wageni tunaongea Kiswahili, mtu asije akadhani anasengenywa. Mimi nikarudi chini ya lori.

Nikasikia mlango unafungwa. Nikasikia pikapu inaondoka, na iliondoka kwa uzito. Injini inavuta kwanza, magurudumu yanafuata baadaye, kama ng'ombe anayevutwa kamba kwenda mnadani. Sikio langu lilisikia. Naliandika hilo ili mlijue, kwa sababu ni rahisi kusema sikujua. Sikio lilisikia, lakini mdomo ulikuwa umeshajibu, na watu walikuwa wameshacheka.

Ngoja niwaeleze vizuri, nyie mnaojifunza. Neno ni moja na maana ni mbili. Mtu akisema breki inashika, mara nyingi anaisifu, ukikanyaga inasimamisha gari. Lakini mwingine anasema inashika akimaanisha inashika yenyewe, hujakanyaga na bado imeng'ang'ania gurudumu. Huyu wa pili anaumwa. Breki ya namna hiyo inasugua njia nzima. Mwenye gari ataona gari zito, linakunywa mafuta, ukiliweka tambarare ukaachia haliserereki, ukisimama kuna harufu ya kuungua, na ukisogeza mgongo wa mkono kwenye gurudumu moto unakupokea kabla hujagusa. Inaweza kuwa fundi amebana kupita kiasi, kama mimi. Inaweza kuwa springi ya kurudisha imechoka, au waya wa hendibreki umejaa vumbi haurudi, au mpira wa kupitisha mafuta umevimba kwa ndani. Kwenye tambarare utasumbuka tu. Kwenye mteremko moto unapanda mpaka mafuta ya breki yanachemka kama uji, yanageuka mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga, pedeli inakwenda mpaka chini, na mlima unakuchukua.

Ulimchukua Daudi kwenye kona ya tatu. Alirudisha gia, gia ikaruka. Kushoto kulikuwa na korongo, kulia kuna ukuta wa mlima. Akachagua mlima. Kichwa chake kilipona, kifua kilipona. Mguu wa kulia, ule uliokuwa unakanyaga na kukanyaga, ulibanwa, na hospitalini wakaukata chini ya goti.

Dereva aliyepita ndiye aliyeniletea habari. Nilikwenda na lori la kwanza lililosimama. Daudi alikuwa ameshachukuliwa. Vitunguu vilikuwa vimetapakaa barabarani na mbuzi wa watu wameshafika. Nikapiga goti kwenye gurudumu la nyuma, nikasogeza mgongo wa mkono. Saa nzima ilikuwa imepita na bado lilikuwa la moto. Tulipofungua baadaye, dramu ilikuwa imegeuka bluu kama shingo ya kanga wa porini.

Askari wa barabarani akaniuliza mbele ya watu. "Wewe ndiye fundi wa Misigiri? Unaonaje?"

"Breki zimechemka," nikasema.

"Kwa nini zichemke?"

Hapo ndipo niliposimama mahali ambapo sijaondoka mpaka mwaka huu. Nikasema, "Mteremko, afande. Ukishuka kwa breki tupu bila gia, zinachemka."

Kila neno lilikuwa la kweli. Na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Askari akaandika. Watu wakaondoka na yale maneno wakayapeleka gulioni, kanisani, msikitini, shuleni. Mwalimu hajui kushuka. Amesoma vitabu, mlima hajausoma. Baada ya msimu mmoja ikawa mithali ya madereva, na nyie mliokuja baadaye mkaikuta kama mlivyoikuta ile nguzo ya umeme, hamkuuliza nani aliisimamisha. Niliisimamisha mimi.

Wiki ile ile ndipo nilipopanda juu ya pipa na kuandika ukutani. Neno lilelile ambalo ningemuuliza, na lisingenichukua hata muda wa kumeza mate. Inashikaje?

Toka siku hiyo nilibadilika, na wa zamani waliniambia nimezeeka ghafla. Nilirudisha tairi bovu la kukalia mteja. Nikawa nauliza kama Mzee Msengi, nauliza mara mbili, kisha namwambia mteja aniigizie sauti. Mmewahi kunicheka nikiwa na mzee mzima anakoroma mbele yangu kuigiza giaboksi. Chekeni, lakini giaboksi ile ilipona. Na mteja akinijibu "nzuri tu mama," sikubali, maana huku kwetu watu wanajibu "nzuri" hata wakiwa wanavuja damu. Nanyi mlipomcheka mteja mbele yangu niliwafukuza benchini kwa fimbo ya kupimia mafuta. Mkasema Bibi ana hasira. Haikuwa hasira.

Upendo wangu, msichana wa kwanza kwenye ukoo wetu kusomea magari chuoni, na nasema hivyo nikiwa nimenyoosha shingo, anachomeka kompyuta kwenye gari na kompyuta inamwambia ugonjwa. Nimeikubali. Inaona vitu ambavyo mkono wangu haukuvifikia. Lakini nilimwambia, na ninawaambia nyie: kompyuta inasoma makosa ya gari. Makosa ya fundi haisomi.

Daudi alirudi kufundisha akiwa na mguu wa bandia. Shule iko ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi ya kazi alipita mbele ya gereji. Na kila asubuhi alinigeukia, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo." Nyie mmezaliwa mkiisema na hamuifikirii, lakini wazee walitufundisha asili yake ni kusema nashika miguu yako. Kijana aliyepoteza mguu kwa ajili ya mdomo wangu alikuwa anashika miguu yangu kila siku ya Mungu. Nami nikaitikia marahaba. Niitikie nini kingine?

Wiki yangu ya mwisho kazini sikugusa gari. Nilichukua mfuko wangu wa vyombo kwa mazoea, nikavuka barabara, nikaenda kwake. Nilimkuta uani anasahihisha madaftari. Akataka kusimama.

"Kaa," nikamwambia.

"Shikamoo Bibi." Siku hizi naye ananiita Bibi, kwa kuwa wanawe wananiita hivyo.

"Leo sitaitikia. Nisikilize kwanza." Nikamwambia yote, kuanzia Alhamisi. Nilimwambia nilibana kupita kiasi na sikuzungusha magurudumu. Nilimwambia nilisikia pikapu inaondoka kwa uzito. Nilimwambia nilichomjibu askari. Sikuweka maneno ya kulainisha, maana sina.

Alifunga daftari alilokuwa ameshika.

"Nilifika pale mlima unapoanza nikasimama, Bibi," akasema. "Nikanusa harufu. Nikataka kurudi kwako."

"Kwa nini hukurudi?"

"Ulishanijibu."

Nyie vijana mtaona ni jibu la ajabu. Mimi sikuliona la ajabu, ndilo lililonichoma. Kwetu mkubwa akishajibu, umeshajibiwa. Kurudi na swali lile lile ni kumwambia hakusikia.

"Na wale madereva walikuwa bado wamekaa," akaongeza. Kisha akacheka kidogo, si kwa furaha. "Unajua kilichoniumiza ni nini? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilitafuta neno njia nzima nikalikosa. Nimekuja kulipata niko kitandani hospitali. Nilipaswa kusema, 'Mama, breki haiachii.'"

"Haiachii," nikasema.

"Haiachii. Neno moja tu. Nimelibeba miaka yote nikijua ni kosa langu."

Basi kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja upande wake wa barabara, amebeba kosa hilo hilo. Nikamwambia, "Si kosa lako. Mgonjwa hana kazi ya kutafuta neno. Ni kazi ya fundi kuuliza. Na nitawaambia gereji nzima, kwa maandishi, kwamba Mwalimu Daudi alikuwa anajua kushuka. Gari ndilo halikujua, na gari lilitoka mikononi mwangu."

"Bibi, yameshapita."

"Hayajapita. Jana nimewasikia wakiyasema."

Hakubisha. Nikaona macho yake yanalowa, akageuza uso kutazama madaftari. Hapo hapo nikaona anasogeza mguu wake, anaupumzisha kwa ubavu, kama mtu mwenye kiatu cha ndugu yake mdogo. Miaka yote nimemtazama akipita na sijawahi kuuliza.

"Huo mguu unashikaje?" nikauliza.

"Mzuri tu, Bibi."

"Sijauliza uzuri. Nimeuliza unashikaje."

Akavuta daftari lingine. Nikauliza tena. Akakunja suruali, akafungua mikanda. Kikombe kinachoingia kigutu kilikuwa kimetengenezwa zamani, ukingo wake wa nyuma unapanda mpaka kwenye mkunjo wa goti, na hapo ngozi yake ilikuwa imechubuka, ikapona, ikachubuka, mpaka imekuwa nene kama mpira wa tairi.

"Unang'ata ukikunja au ukinyoosha?"

"Nikikunja. Nikipanda ngazi za darasani."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeuliza."

Nikapiga magoti. Magoti yangu yalilia kama bawaba. Akashtuka, akasema, "Bibi, usinipigie magoti, jamani." Nikamwambia nimepiga magoti mbele ya magurudumu ya watu maisha yangu yote, aninyamazie nifanye kazi. Nikaushika ule mguu kwa mikono miwili. Anayeelewa shikamoo ameelewa.

Nikatoa tupa, nikashusha ule ukingo kidogo kidogo, nikapitisha msasa mpaka kidole kikateleza. Nikakata kipande cha ngozi laini kutoka kwenye kifuniko cha kiti cha gari kilichokuwa kwenye mfuko wa vyombo, nikakizungushia. Nikamwambia hiyo ni ya kufikia hospitali tu, aende akapimwe upya na wanaojua miguu, mimi najua magari. Akasema ataenda. Nikamwambia aseme tena, akasema tena.

Akaufunga. Akasimama.

"Tembea," nikasema.

Akatembea mpaka kwenye banda la kuku, akageuka, akarudi. Sikumtazama usoni. Nilisikiliza, kama alivyonifundisha mzee: hatua, hatua, hatua. Akafika kwenye kizingiti cha mlango, akakunja goti, akapanda, akashuka, akapanda tena.

"Unashikaje?"

Alisimama pale juu ya kizingiti akifikiri, hakuharakisha, na mimi sikumharakisha.

"Unashika, Bibi," akasema. "Na unaachia."